Kitanda cha Tatu Melini

Hivi wewe umewahi kumwona mtu mzima amevaa koti la sufu Ifakara, mwezi wa Januari, saa nane mchana, madirisha yamefungwa? Basi Digna alimwona, na kwa bahati mbaya mtu mwenyewe alikuwa mume wake.

Hermenegildi alisimama mbele ya kioo cha kabati, vifungo vimepanda mpaka kooni, jasho likimchuruzika kama mtwanga mpunga. Na huyu hakuwa ameshika mchi tangu anunue mashine ya kukoboa.

"Majira ya maua huko Roma yana kibaridi," alisema.

"Hapa hakuna kibaridi. Vua kabla hujaanguka."

"Koti lazima mtu alizoee, Mama. Usipolizoea unaonekana mshamba."

Ulikuwa mwaka 1954, Mwaka wa Maria. Mapadri walikuwa wametangaza hija ya Pasaka, na wachache wenye uwezo walijiandikisha kulala kwenye mabweni ya masista. Hermenegildi alicheka aliposikia. Mabweni? Supu ya kabichi? Yeye alitaka meli daraja la kwanza, hoteli yenye lifti, chumba chenye bafu lake na roshani inayotazama zile ngazi zilizojaa maua kwenye kitabu alichoazimwa na padri. Alitaka pia kwenda jioni kwenye jumba la muziki, akasikilize watu wakiimba kwa lugha asiyoijua. Kutikisa kichwa kwa kuelewa alikwisha kujifunza.

Tusimwonee peke yake. Digna naye aliitaka Roma kwa roho yote. Alikulia Malinyi, ndoo kichwani toka ana miaka sita, na katika kitabu kile aliona chemchemi za mawe zinazorusha maji angani bila sababu yoyote, kwa uzuri tu. Maji ambayo hakuna anayeyabeba! Aliapa kwamba atayaona kabla hajafa. Ilibidi waondoke mapema mwezi wa Machi, masika yasije yakakata barabara ya Kidatu.

Koti lilipovuliwa, Digna alilipokea akalitundike. Lilikuwa zito. Upindo wake wa chini ulikuwa unadondosha maji, na maji yenyewe yalikuwa meusi, yananuka mabua ya mpunga yaliyooza na kambale. Ndani ya mfuko alikuta punje za mpunga zilizoanza kuota.

"Hii nini?"

"Jasho," alisema Hermenegildi bila kutazama.

"Jasho lina tope?"

Hermenegildi alikwenda kuoga.

Juma lililofuata wakaanza mazoezi ya kula. Hermenegildi aliagiza kwamba kuanzia sasa chakula cha mchana ni kwa kisu na uma, na Jumapili akamwalika dada yake Scolastica aje ashuhudie. Scolastica alikuwa mwanamke wa mdomo. Alimtazama kaka yake akimfukuza perege sahani nzima, akashindwa kuvumilia.

"Samaki huyu alikufa jana, Hermenegildi. Unamwua tena wa nini?"

"Kula kimya, dada."

"Wifi, mkifika huko mtakufa njaa hivihivi mnatazama chakula."

Digna alikuwa anacheka aliposikia debe. Dum, dum, dum. Kimya. Dum, dum, dum. Kimya. Lilitokea juu ya dari, halafu likawa kama linatokea chini ya sakafu.

Kila aliyekulia mashamba ya bondeni analijua debe. Wakati mpunga unakomaa familia huhamia huko mtoni, hulala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu, na mchana kutwa mwanamke hupiga debe kufukuza ndege. Debe la ndege hupigwa ovyoovyo. Lakini mapigo matatu na kimya si ya ndege. Maana yake ni moja tu: maji yamefika, leteni mtumbwi.

"Kuna mtu anaomba mtumbwi," alisema Digna.

Scolastica aliacha kutafuna. Uma wa Hermenegildi ulikuwa hewani, na ukabaki hapohapo.

"Panya," alisema.

"Panya wanajua kupiga matatu?"

"Nimesema panya!"

Scolastica alinawa mikono akaondoka bila kungoja chai. Mlangoni alimvuta Digna, akamnong'oneza: "Usimuulize tena habari ya debe. Unajua mke wake wa kwanza alikufaje."

Digna alijua, kama Ifakara nzima ilivyojua. Miaka minane nyuma, Tekla na Hermenegildi walikuwa wanavuna, mto ukaja ghafla. Hermenegildi alitembea majini mpaka kifuani kwenda kuazima mtumbwi, na aliporudi dungu lilikuwa limekwenda na maji, na Tekla ndani yake. Alilia siku arobaini. Mpunga aliokuwa ametangulia kuutoa ndio uliomwanzishia biashara, na watu walisema Mungu humfidia mjane. Digna aliolewa miaka mitatu baadaye, na mara nyingi alimhurumia mume wake kwa msiba ule.

Barua ya wakala wa meli ikafika kutoka Dar es Salaam. Digna aliifungua mezani kwa furaha, akaisoma kwa sauti kama mwalimu: chumba daraja la kwanza, kina dirisha, vitanda vitatu. Abiria: Bwana Hermenegildi. Bibi Digna. Bibi Tekla.

Alirudia kusoma kimoyomoyo. Jina halikuondoka.

"Karani amekosea," alisema Hermenegildi. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Karani wa Dar amemjulia wapi Tekla?"

Alimnyang'anya barua akaichana. Vipande vilianguka sakafuni pwaa, kama vitu vilivyolowa.

Usiku wa siku hiyo ndipo Digna alipoanza kulowa.

Kwanza ilikuwa miguu. Aliamka na nyayo za baridi, ngozi imejikunja kama ya mtu aliyeshinda majarubani, na ukitazama hakuna maji popote. Kesho yake gauni lilikuwa limelowa mpaka magotini. Alibadilisha, lile kavu nalo likalowa, palepale, kwa mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Keshokutwa mstari ulifika mapajani. Daktari wa misheni alimpima moyo, mapafu na mkojo, akasema kwa upole kwamba haoni ugonjwa. Na debe halikunyamaza tena: asubuhi wakati wa uji, mchana mashine ikiwa inanguruma, jioni wakati wa rozari, matatu na kimya, matatu na kimya, na kila likinyamaza Digna alijikuta anasubiri mtu ajibu.

Hermenegildi aliendelea kupanga. Alinunua kofia. Aliandika barua nyingine kuuliza kama hoteli inaleta kifungua kinywa kitandani.

Aliyesema neno la maana alikuwa Mwinyimvua, fundi cherehani wa barabara ya sokoni, mzee wa Kipwani aliyekuja kumpima Digna magauni ya safari. Wengi walijua kwamba mbali na cherehani alikuwa na kazi nyingine, na wengi waliokuwa Wakristo wazuri mchana walimjia jioni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu." Alizungusha utepe kiunoni mwa Digna, akausimamisha. Maji yalikuwa yanapita vidoleni mwake. Alinusa. Akakunja utepe wake pole pole. "Hii si kazi ya sindano."

"Ni jini?"

"Majini nayafahamu, mengine nimekula nayo. Huyu ni mtu. Lakini amekaa na majini ya mto muda mrefu, yamemfundisha kazi yao." Alimtazama usoni. "Yakifika puani, mwanangu, mimi sina dawa. Njooni nyote Alhamisi alasiri. Na mumeo asikose."

Hermenegildi aligoma. Yeye, msafiri wa Roma, akafukizwe ubani na mshona suruali? Digna hakubishana. Alikohoa tu mezani, akatema maji meusi yenye kipande cha jani la mpunga ndani ya ile sahani ya mazoezi, akamsogezea.

Alhamisi wakaenda.

Chumba cha nyuma cha Mwinyimvua kilijaa jua. Scolastica alikuja pia, amekaa mkekani, rozari imefichwa ndani ya khanga. Fundi aliweka ubani kwenye kaa, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na Digna akasikia maji yakimpanda kutoka kiunoni kuja tumboni, kuja chini ya matiti, mazito na ya baridi, na ule moshi mtamu ukageuka harufu ya bonde, na jua la dirishani likawa jua linalong'aa juu ya maji yasiyo na mwisho, na mkono wake wa kulia, ambao hakuuamuru, ukaanza kupiga sakafu, matatu na kimya, matatu na kimya, mpaka mdomo wake ukafunguka na sauti ikatoka ambayo haikuwa yake.

"Mmekuja."

Scolastica alipiga ishara ya msalaba. "Yesu wangu. Ni Tekla."

"Tunakusalimu," alisema Mwinyimvua. "Unataka nini? Mbuzi? Marashi? Nguo nyeupe?"

"Mbuzi wa nini? Mimi nasafiri." Sauti ilicheka kwa kinywa cha Digna. "Nimesikia kuna meli. Kuna vitanda vyenye shuka. Mwaka ule nilikaa kwenye miti siku mbili, nadhani nastahili kitanda."

"Siku mbili?" aliuliza Scolastica. Alimgeukia kaka yake. "Ulisema ulirudi siku ileile."

Hermenegildi alipiga magoti. Alianza kulia, na Digna, ndani kabisa ya mwili wake mwenyewe, akaona kwamba anajua kulia vizuri sana.

"Nitakuombea misa, Tekla. Roma penyewe! Nitakuwashia mshumaa kwenye kanisa la Petro, mkubwa kuliko yote."

"Mshumaa utawaka majini? Sema ulilofanya."

"Nilikwenda kuazima mtumbwi..."

Maji yakapanda. Digna alihisi yakimfika mabegani.

"Sema."

"Ulikuwa mdogo! Mtumbwi ulikuwa mdogo, ungezama, Mungu anajua..."

"Kumbe ulikuwa nao," alisema Scolastica kwa sauti ndogo.

Yakafika kidevuni. Digna alinyoosha shingo kutafuta hewa. Gauni lake zima lilikuwa limemganda, maji yalitiririka mkekani, na Mwinyimvua aliacha kusoma.

"Bwana, ana muda mfupi. Sema, mkeo apone."

Hermenegildi alimtazama Digna. Akamtazama kweli, na Digna akamwona akipima. Alikuwa anapima jina lake Ifakara, mashine yake, Komunyo ya Pasaka, ile roshani yenye maua. Akaviweka upande mmoja, na upande wa pili akamweka yeye, mwanamke anayezama chumbani kwa mshona nguo, na hakuharakisha. Hapo ndipo Digna alipoelewa jinsi mtu anavyoachwa. Hofu yake ikakatika kama uzi. Kilichobaki kilikuwa hasira, safi kabisa, na hakuweza kusema ni yake au ya Tekla, wala hakutaka kujua.

"Mzee," alisema kwa sauti yake mwenyewe, "usimwombe."

Alinyoosha mikono akamshika mumewe mkono, akamvuta kwake kwa nguvu ambazo si za mwanamke mmoja.

"Kaa, Tekla," alisema. "Usishuke. Asiposema tunakwenda wote."

Na maji yakavuka. Suruali ya Hermenegildi ikalowa mpaka magotini, palepale, kwa mstari ulionyooka, kisha kiunoni, kisha kifuani, na akaanza kurusha mikono kama mtu aliyeanguka kutoka mtumbwini, akipiga kelele kwamba aachiwe, kwamba hajui kuogelea, kwamba wanamwua, na wale wake zake wawili walimshika, macho yamemkazia, mpaka maji meusi yakamgusa mdomo wa chini na akayaonja.

"Nasema!" alilia. "Nasema! Nasema!"

Hayakupanda tena. Hayakushuka.

Hermenegildi alitema. Alimtazama dada yake, akamtazama fundi, na mwisho akayaelekeza maneno kwenye ule uso ambao ulikuwa wa Digna.

"Nilikuwa na mtumbwi toka asubuhi. Tekla alikwisha panda, alikuwa amekaa mbele, ameshika debe lake mapajani. Yalibaki magunia mawili juu ya dungu." Alipumua. "Nikamwambia ashuke kwanza, nipakie magunia, nitamrudia. Akashuka, akarudi dunguni, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Sikuwahi kuwa na nia ya kurudi. Nilipokuwa napiga kasia nilimsikia akipiga debe siku nzima."