Kiwiko cha Ilinca

Wajukuu zangu, mmewahi kusikia pua ikivunjika? Hulia kama kokwa ya jozi iliyobanwa mlangoni.

Jumamosi sisi wa mji wa Petrila hula sima na jibini mapema, kisha tunashuka uwanjani. Siku hiyo timu ya wasichana ilicheza na wageni. Mjukuu wangu Ilinca alikuwa mshambuliaji, nafasi aliyocheza babu yake Tiberiu hadi alipovunjwa goti. Mimi na huyo Tiberiu, mume wangu, tulisimama kwenye uzio tukimenya mbegu za alizeti.

Beki wa wageni, Sanda, aliuacha mpira akacheza miguu ya Ilinca. Alimkanyaga kifundo, akamvuta nywele, akampiga teke la ugoko hadi soksi ikalowa damu.

"We kijiti, leo utabebwa!" alimcheka.

"Mrudishie! Mvunje!" wazazi wa upande wetu walipiga kelele.

Kona ilipopigwa, refa akitazama mpira, Ilinca alirusha kiwiko. Ko! Sanda akaanguka, damu ikimtiririka mdomoni, kidevuni, hadi kwenye jezi nyeupe.

"Nani kafanya hivi?" refa aliuliza.

"Kajikwaa mwenyewe," Ilinca alijibu.

"Mjukuu wa Tiberiu huyo!" wenzake walishangilia.

Mzee wangu alitema maganda. Akaingia uwanjani akiburuta ule mguu usiokunjika, Sanda akiwa anazibwa pua kwa pamba.

"Babu, kaanza yeye!"

"Nimeona. Ungemwambia refa. Haya, nani kamvunja pua?"

Ilinca aliinama akavuta soksi yake yenye damu.

"Beki aliyenivunja goti alisema nimeteleza," mzee alisema. "Watu wakamwamini. Sikufunga bao tena."

Ilinca alianza kulia. Akamwendea refa. "Ni mimi. Nimempiga kiwiko." Kisha akamgeukia Sanda. "Nisamehe."

Kadi nyekundu ikatoka. Kocha wetu akapiga ndoo teke, wazazi wakazomea.

"Na mguu wake niliuumiza mimi, makusudi," Sanda alisema kwa sauti ya puani. Naye akatolewa. Wakakaa benchi moja, wakigawana barafu.

"Ukimuumiza mtu, sema siku hiyo hiyo," mzee aliwaambia. "Ukinyamaza, unamuumiza mara ya pili."

"Babu, yule beki ulitaka akulipe nini?" Ilinca aliuliza.

Miaka yote niliyoishi naye, sikuwahi kumsikia akilijibu hilo. Alilisugua goti lake.

"Nilitaka abishe hodi tu, aseme, 'Tiberiu, ni mimi niliyekuvunja.' Ningemkaribisha ndani."