Solo ya Marehemu Lemuel Tibbs

Jua lilikuwa linazama Kansas City Odell Prewitt alipotoka kununua nyuzi za gitaa. Kutoka dukani alinyoosha hadi kilabuni. Jioni hiyo bendi ya Mzee Thaddeus Gaines ilikuwa inatafuta mpiga gitaa, na kwa kijana anayeshinda akiosha vyombo vya hoteli, nafasi ile ilikuwa ndiyo maisha yenyewe.

Mzee Gaines ndiye aliyemfundisha jazi. Mwaka mzima alimwimbia neno lile lile: jua sauti za wimbo zinavyoshikana na kufuatana, zikikaa kichwani, sema lako. Lakini Odell alipenda njia ya mkato. Aliitafuta santuri ya Lemuel Tibbs, mpiga gitaa aliyeuawa kwa visu nyuma ya kilabu hichohicho, akawa anaizuia kwa kidole izunguke polepole, mpaka akaikariri nzima solo yake, kile kipande anachopiga mtu peke yake. Kwa wanamuziki wa mji ule hiyo ni aibu. Anayepiga solo ya mwenzake jukwaani hutupiwa miguuni tasa la mpiga ngoma, ile sahani nzito ya shaba inayogongwa pamoja na ngoma, akashuka anazomewa.

"Ya aliye hai unaiba," Mzee alikuwa amemwonya. "Ya marehemu, unamwita."

Odell alicheka moyoni. Mambo ya wazee hayo.

Zamu yake ikafika. Akaanza, na watu wakaweka glasi zao chini. Rufus, mpiga ngoma, akanong'ona kwamba bwana mdogo huyu anajua. Odell kichwa kikamvimba. Santuri hubeba dakika tatu tu, basi solo ikafika mwisho, naye akataka kutua.

Mkono haukutua.

Uliendelea... Vidole vya kushoto vilikimbilia sauti asizowahi kuzisikia, zile ambazo santuri haikuwa na nafasi ya kuzibeba. Harufu ya damu iliyooza ikapanda jukwaani. Uzi wa chuma ukachana kidole, ukazama hadi mfupani, na kidole hakikuacha kukimbia. Damu ikamrukia Rufus usoni. Odell alilia kama mtoto, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Mzee Gaines akamwinamia sikioni.

"Piga lako, mwanangu. Lolote lile. Atakuachia."

Odell akatafuta. Akapekua kichwa kizima, akitaka sauti moja tu iliyokuwa yake.

Hakuna.

Pumzi ya baridi ikamgusa shingoni.

"Usiache..."

Haikuwa sauti ya Mzee.

Mzee Gaines akang'oa tasa la Rufus, akaliinua kwa mikono miwili, akalishusha kwa nguvu zote juu ya shingo ya gitaa. Nyuzi zikakatika. Vidole viwili vikaenda nazo.

Walivitafuta chini ya viti, wakainua hadi mbao za jukwaa. Havikuonekana.

Hospitalini, siku ya pili, Mzee alimweleza alichokuwa akikificha: waliomuua Lemuel walianza kwa kumkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Odell akauliza kama sasa yamekwisha. Mzee akasema chumba cha Lemuel kimefungwa tangu msiba, lakini tangu asubuhi majirani wanasikia gitaa humo ndani.

"Bado anakosea-kosea," akanong'ona. "Vidole havijamzoea."