Sauti ya Saa Tatu

Foleni ya kulipia maji ilikuwa imefika barabarani. Mwanamke mwenye gauni la kijani na miwani ya jua alimgusa bega mwanamume aliyekuwa mbele yake.

"Samahani kaka, saa ngapi?"

Mwanamume huyo alikuwa fundi saa, lakini hakutazama mkononi. Aligeuka taratibu. "Mbona wewe ndiye huniambia mimi? Kila siku saa tatu kamili narekebisha saa zote za kibandani kwa sauti yako."

Bi Asubuhi, kama wasikilizaji wa redio ya mji walivyomwita mtangazaji huyo, akacheka. "Na nikikosea?"

"Tutakosea wote, dada."

Yakaanzia hapo. Kila alipotoka studio alimpigia simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nakusubiri wewe."

"Mwongo. Nasikia unatafuna."

Mwezi wa tisa, kampuni iliyokwisha kununua redio kumi na saba ikanunua na redio ya mji. Ijumaa moja, siku ambayo fundi alipaswa kumpeleka mpenzi wake akamtambulishe kwa mama, simu ikaita.

"Mpenzi, niombee radhi kwa mama. Naumwa. Tangu jana sijatoka kitandani."

Juu ya meza ya fundi, redio nayo ilikuwa ikisema: "Niko nanyi hapa studio, wapenzi wasikilizaji, na leo nina furaha tele."

Hakumuuliza. "Pole," akasema, akakata simu. Kwa wiki tatu hakupokea tena. Mama yake aliuliza mara moja tu, kisha akarudisha vikombe vya wageni kabatini.

Kilichomfumbua macho ni kikohozi. Jumatatu, baada ya kutaja saa, mtangazaji alikohoa kidogo. Jumanne vilevile. Jumatano fundi aliweka bisibisi chini. Masikio yaliyozoea mapigo ya saa hayakudanganyika: kilikuwa kikohozi kilekile. Akafunga kibanda.

Alimkuta mpenzi wake chumbani kwake, kitambaa kichwani, akipanga nguo begini. Gauni la kijani lilikuwa juu.

"Walinirekodi siku nne," alisema. "Salamu, saa, hata vicheko. Walisema ni majaribio ya mitambo. Siku ya tano mlinzi akanizuia mlangoni; mashine ilikuwa tayari inatangaza kwa sauti yangu. Na mkataba unanikataza kutangaza kwenye redio nyingine miaka miwili."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekaaje mbele ya mama yako, mkwe asiye na kazi? Niliona aibu, nikasema naumwa. Na kweli nilikuwa naumwa."

"Nisamehe. Hata kibanda changu kinabomolewa mwisho wa mwezi. Kampuni hiyohiyo inajenga duka lake pale. Tuoane hivihivi tulivyo."

Mwanamke akafunga begi. "Nilikupigia simu mara arobaini, mpenzi. Mimi mwenyewe, na pumzi zangu. Ukaamini redio."

Fundi alimbebea begi hadi kituo cha basi, maana alikuwa anahamia kwa dada yake, mji wa mbali. Hawakugombana. Mlangoni mwa basi mwanamke alivua saa yake ya mkononi.

"Imesimama. Ukipata nafasi, itengeneze."

Asubuhi iliyofuata fundi aliifungua, akaisafisha, ikatembea.

"Sasa ni saa tatu kamili," redio ikasema, kisha ikakohoa.

Fundi akairekebisha saa ya mpenzi wake kwa sauti ile. Hakuwa na nyingine.