Kamba ya Ndolo

Wewe bisha tu. Shule niliacha darasa la saba, lakini macho yangu hayakuacha kazi. Muulize rafiki yangu Musila, hapa Kitengela.

Musila na kaka yake Ndolo ni wajukuu wa chifu. Kwao, tangi la chini ya ardhi halioshwi na kibarua, linaoshwa na wana wa nyumba. Tangu utotoni Musila alikuwa anashuka, Ndolo anabaki juu na kamba. Ikivutwa mara mbili, anamtoa.

Mwezi wa tatu tulimzika Ndolo. Wa nne, maji yakaanza kunuka. Musila akajifunga kamba kiunoni, akanipa ncha yake.

"Leo wewe ndiye kaka."

Ilikuwa saa sita mchana, lakini huko ndani ni giza tupu, na kila tone linalia. Hewa ikamwishia. Akavuta mara mbili. Juu akasikia kikohozi kikavu, kisha akavutwa hadi nje.

"Mbona umekohoa kama Ndolo?" akaniuliza, akitapika kwenye nyasi.

"Ni vumbi, buda! Na hii misuli ulidhani ni ya kupiga picha?"

Hapo ndipo nilimdanganya. Nilikuwa nimeenda dukani kununua soda. Niliporudi alikuwa tayari amelala nje, macho amefunga, na kamba imekaza kutoka kiunoni mwake hadi hewani, bila mtu. Nilipoishika ikalegea polepole, vile mtu hukukabidhi kitu asichotaka kukuachia.