Kiuno Kinaongezwa, Mapaja Yanapunguzwa

Mchana, jua likitambaa juu ya vitambaa na cherehani ikinong'ona, Fundi alipenda kuzama katika mawazo. Siku hiyo alikuwa akifumua suruali ya mumewe, mpiga rangi wa nyumba. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo. Moyo wake ulijaa fahari, maana alijiona mke anayejua kulisha.

Jirani yake, muuguzi, aliingia kuchukua gauni.

"Mbona unaongeza kiuno na mapaja unapunguza? Si suruali moja hiyo?"

"Moja. Mwenzangu amepata kitambi cha kiungwana!"

"Dada, mtu ananenepa tumbo, miguu inakonda? Anatoka jasho usiku?"

Kicheko kilimkauka Fundi. Kila asubuhi alianika mashuka yaliyolowa, akilaumu joto.

"Tumbo likivimba ndani ya wiki chache na mwili unakonda, usingoje," alisema muuguzi. "Mpeleke kesho."

Hospitalini, picha ilionyesha uvimbe tumboni. Daktari akataka kuchukua kipande kidogo akipime. Mpiga rangi akagoma.

"Wakiugusa utasambaa. Mimi siguswi ng'o!"

Jioni muuguzi alikuja kuketi naye.

"Shemeji, hofu hiyo wanayo wengi. Kipande huchukuliwa kwa uangalifu, na hatari ya kusambaa ni ndogo mno. Picha inasema uvimbe upo. Kipande ndicho kinachosema ni uvimbe gani na unataka dawa ipi."

Mpiga rangi alitazama ukuta. Fundi aliogopa kumpoteza, na akasema wazi.

"Mume wangu, nimekuongezea kiuno mara tatu huku najisifu. Nilikuwa kipofu. Nakuomba, nakuhitaji."

Mpiga rangi akamgeukia. "Haya. Nipelekeni."

Jibu lilikuja: limfoma ya Burkitt, saratani adimu kwa watu wazima, inayokua haraka sana.

"Hakuna siku ya kupoteza," alisema daktari. "Lakini saratani hii mara nyingi huisikia dawa upesi."

Alilazwa. Dawa ilidondoka polepole kutoka kwenye chupa, na Fundi akaitazama mpaka siku zikachanganyika kama usingizi wa mchana. Nywele za mumewe zilipukutika. "Kinyozi atanikumbuka," alitania. Homa ilipompata, hata kidogo, walimwita muuguzi wa wodi papo hapo, kama walivyoagizwa.

Wiki ya tatu tumbo lilinywea. Akataka kwenda zake.

"Bado," alisema daktari. "Huenda mabaki yamejificha. Maliza duru zote."

Akazimaliza, moja baada ya nyingine, miezi mitano. Kisha wakapiga picha tena.

"Hatuoni uvimbe," alisema daktari. "Utarudi kila tutakapokuita, tuendelee kukuangalia."

"Hebu rudia, daktari," alisema Fundi.

"Hatuoni uvimbe, mama."

Fundi aliangua kilio palepale, mbele za watu.

"Sasa unalia nini, mke wangu?"

"Niache nilie. Miezi mitano nilijizuia."