Fundi Kufuli Aliyejisifu Kituoni

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Fundi kufuli alikuwa mezani kwake, anasugua ufunguo kwa tupa. Mkewe alikuwa pembeni, anapanga makufuli ya kuuza. Polisi wawili wakaingia.

"Fundi, twende kituoni mara moja."

"Kuna nini, afande?"

"Utajua huko huko."

Fundi akafuta mikono, akawafuata. Hakuambiwa kosa lake. Kosa la kwanza lilikuwa hilo, na si lake. Anayekukamata ndiye anayepaswa kukuambia sababu, pale pale.

Kituoni, mpelelezi alikuwa mpole. Aliweka kufuli kubwa mezani. Duka la vitambaa lilikuwa limeibiwa juzi mchana, na kufuli halikuvunjwa.

"Hili nani anaweza kulifungua bila ufunguo?"

Hapo fundi akasahau yuko wapi. Mwulize fundi habari za kazi yake uone kama atanyamaza.

"Mtaa huu? Mimi peke yangu! Wengine wababaishaji tu. Nipe waya."

Akachokonoa kidogo. Kufuli likafunguka.

"Umeona, afande? Hata chai yako haijapoa!"

Mpelelezi akatabasamu, akaandika. Hakumwambia kwamba ana haki ya kunyamaza. Hakumwambia kwamba maneno yake yanaweza kutumika mahakamani. Hakumwambia kwamba anaweza kuita wakili au ndugu. Akamsukumia karatasi.

"Tia sahihi hapa, uende zako."

Tunawakumbuka walioambiwa hivyo. Yule muuza mkaa wa karibu na kisima alitia dole gumba. Akaenda zake kweli, gerezani, miaka minne. Mama yake alikufa akimsubiri.

Mke wa fundi hakukaa kulia. Alikimbia kwa jirani, karani mstaafu wa mahakama. Watu humwita Mama Faili. Wawili hao walipofika kituoni, fundi alikuwa ameshashika kalamu.

"Shemeji, weka kalamu chini!" alisema Mama Faili. "Umesomewa?"

"Bado. Miwani nimeiacha kazini."

"Mama, usiingilie kazi yetu," alisema mpelelezi.

"Siingilii, afande. Maelezo husomwa kwanza, sahihi baadaye. Nani humu hajui?"

Karatasi ikasomwa. Ilieleza fundi alivyojisifu na alivyofungua kufuli. Haikusema kwamba juzi, asubuhi hadi jioni, alikuwa zahanati akibadilisha vitasa.

"Mbona hukuwaambia?" mkewe aliuliza.

"Hawakuniuliza! Waliniuliza habari za kufuli."

"Makufuli unauza, baba watoto, mdomo wako umekosa hata moja!"

"Sikiliza, shemeji," alisema Mama Faili. "Taja jina lako na unapokaa. Mengine nyamaza mpaka uwe na wakili. Usitie sahihi kitu usichokielewa. Hawaruhusiwi kukupiga wala kukutisha. Wala hawawezi kukuweka ndani wapendavyo. Sheria imeweka muda wa kukufikisha mahakamani."

Fundi akaweka kalamu chini.

"Sitii sahihi, afande. Nataka wakili."

Wakamweka ndani. Mama Faili akatafuta wakili wa msaada wa kisheria, yule asiyelipisha wasio na uwezo. Kesho yake wakili alikuja na muuguzi wa zahanati na daftari la mafundi wanaoingia na kutoka. Adhuhuri fundi akaachiwa.

"Siku nyingine punguza maneno," mpelelezi alimwambia mlangoni.

"Siku nyingine mwambie mtu haki zake kabla hajafungua mdomo," akajibu Mama Faili, aliyekuja kumpokea fundi.

Tangu hapo mafundi wa mtaa hukutana kwa Mama Faili kila Jumamosi. Wanajifunza haki hizo mpaka zikae kichwani.

Mwezi uliopita polisi alisimama kwa seremala, aliyekuwa anapaka gundi mguu wa meza.

"Twende kituoni mara moja."

"Nimekamatwa, afande? Kwa kosa gani?"

Polisi akatazama viatu vyake.

"Hapana. Nina maswali tu."

"Basi vuta kigoda, uulize hapa hapa," alisema seremala. "Gundi hii hainingoji."