Waya Kwenye Bomba la Hewa

Rafiki yangu fundi pampu si mtu wa kutia chumvi, ndiyo maana kisa hiki hunikosesha raha.

Asubuhi moja alishuka chumba cha pampu, chini kabisa ya jengo, kubadilisha bolti moja tu. Mlango wa chuma ukajifunga nyuma yake, taa ikazimika. Redio yake ya mkononi ilikoroma tu. Kiantena chake kifupi hakikupenya zege. Akakifungua, akafunga antena ya waya mrefu aliyojitengenezea, akaisukuma juu ndani ya bomba la hewa, pana kama ngumi. Waya ukakwama njiani. Kisha ukaanza kuteleza mikononi mwake, ukapanda wenyewe mpaka ukanyooka.

Hapo sauti ya shemeji yake, mlinzi wa getini, ikaingia safi. “Tulia shem, nakuja na ufunguo.”

“Haya. Na huyo aliyenivutia waya huko juu, mshukuru.”



“Juu wapi? Bomba hilo tuliliziba kwa zege kabla hujaajiriwa.”

Gizani palisikika maji yakidondoka. Kisha waya ukavutwa mara tatu, polepole, kama mtu anayebisha hodi.